Tumehamia kwetu Zingiziwa, nyumba haijaisha. Mnaofikiria kuacha kupanga pitieni hapa

Mama Pacha (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Wale mlioniambia kwenye ule uzi wa kodi kwamba nikihamia nirudi kuwaeleza, nimerudi. Tuko kwetu. Zingiziwa, kwa ndani kidogo ukitokea Chanika. Mume, mimi, pacha wangu wa miaka mitatu na mdogo wao anayetambaa.

Nyumba haijaisha, naomba mtu asiombe picha za sebule. Kilichopo: tumepaua, madirisha yote yana grili, mlango wa mbele wa mninga na wa nyuma wa chuma, choo kimoja cha ndani kinachofanya kazi, umeme, na tanki la lita 2,000 juu ya mnara wa tofali. Kisichopo: dari, vigae, rangi, vioo na milango ya vyumbani. Milangoni tumetundika mapazia, madirishani kuna nyavu za mbu, na upande unaopiga mvua tumeweka turubai. Jiko la ndani bado, napikia kibaraza cha nyuma.

Tulikuwa tumepanga Tabata, chumba na sebule choo ndani, 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Hiyo 900,000 ndiyo iliyotuamulia. Mume alitaka tulipe kwa mara ya mwisho, halafu tumalizie dari na vigae tuhamie kama watu. Mimi nikasema hela ikishaingia kwa mwenye nyumba haitageuka dari hata tukeshe tunaomba. Tulibishana sana, mpaka mama mkwe akaingilia. Mwisho hela ikaenda hivi: shimo la choo na chemba zake, grili za madirisha yaliyobaki, chenji ikaishia kwenye tanki.

Msimamo wangu ni huu, na anayetaka kunipinga karibu: ukiwa na choo, maji, milango inayofungika na pa kulaza watoto pasipovuja, hamia. Mengine utaambiwa na nyumba yenyewe ukiwa ndani. Sisi tulishapanga mpaka rangi ya vigae vya sebule. Tulipoingia, kumbe kinachotutesa ni jua la saa kumi linalopiga ukuta wa chumba cha watoto, mpaka usiku ukiugusa bado wa moto. Hela ya vigae imejenga kibaraza chenye bati upande wa magharibi. Hilo nisingelijua nikiwa Tabata, kwa sababu site tulikuwa tunakwenda asubuhi tunaondoka kabla ya jua kali.

Ulizeni, nitajibu watoto wakilala.

Chumba na Sebule

Hongera sana dada, nimesoma huku roho inadunda. Mimi niko Kinyerezi, boma limekaa bila bati tangu mwaka juzi, na kodi inakuja mwezi wa kumi. Maswali yangu ni mawili: vumbi la sakafu na mtoto anayetambaa mnafanyaje? Na bila dari mnalalaje?

Mzee wa Msingi

Mwanangu Mama Pacha, hongera, kwako ni kwako. Ila kama mzee nitakupinga. Nimejenga na nimejengea watu. Mtu akishalala ndani, ile njaa ya kumalizia inakwisha. Hela ya dari inageuka ada, hela ya rangi inageuka mchango wa harusi ya shemeji. Kuna nyumba mtaani kwetu Mbagala wamehamia na mapazia milangoni kama nyinyi. Mtoto aliyeingia akiwa mgongoni sasa yuko sekondari. Mapazia yapo, yamebadilishwa rangi tu.

Halafu fundi kupiga plasta au kuskimu ndani ya nyumba yenye godoro, friji na mtoto mchanga ni kazi mara mbili, na atakuchaji mara mbili.

Mama Pacha

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwa fundi nakubali bila ubishi. Plasta ya ndani tuliimaliza kabla ya kuingia kwa sababu hiyo hiyo. Vumbi la mchanga na saruji na mtoto wa miezi minane havikai nyumba moja.

@Chumba na Sebule, sakafu ni jamvi, yaani zege tupu la chini, juu yake fundi akapiga niru, ile saruji laini ya kumalizia. Usiruke niru. Jamvi tupu linatoa unga kila ukifagia, kila siku utafagia na kila siku utakuta. Niru inagharimu mifuko michache ya saruji, na ikipigwa vizuri unapiga deki kama kawaida. Juu tumetandika zulia la plastiki pale anapochezea mdogo. Mwagia maji hiyo sakafu siku kadhaa ikauke taratibu, ikikaukia juani inapasuka nyufa kama kiganja.

Kuhusu dari nisikudanganye. Mchana bati linatoa joto, saa saba mpaka saa kumi watoto wako chini ya mwembe. Mvua ikinyesha hamsikilizani, mnaongea kwa mikono. Na ukuta wa chumba hadi chumba unaishia usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, juu yake ni wazi mpaka kwenye bati. Ukikohoa chumbani, aliyeko choo cha mbele anakuitikia pole. Ukiwasha taa sebuleni, chumba cha watoto kinakuwa alfajiri. Wenye ndoa changa mmenielewa, sitaendelea.

Chandarua tumekining'iniza kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Hiyo ndiyo faida pekee ya kukosa dari niliyoiona.

Kirikuu Mwekundu

Nacheka mwenyewe kwenye gari hapa. Mimi kazi yangu ni kuhamisha watu, niongeze la kwangu.

Hamia asubuhi. Watu wengi wanapenda kuhama usiku majirani wasione vyombo, wengine wana yao na mwenye nyumba, hayo siulizi. Lakini kule mnakokwenda hamna taa za barabarani, hamjui shimo liko wapi, na kitanda mnakifunga kwa tochi ya simu. Skrubu zote za kitanda tia kwenye mfuko mmoja, funga kwenye chaga. Friji lisimame wima njiani, ukilifikisha liache litulie saa kadhaa kabla ya kuwasha. Kabati la vyombo ondoa vioo, vifunge na mashuka.

Jingine: kabla ya kuita gari nenda ukaione njia baada ya mvua. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinapita pembamba lakini mchanga laini kinazama. Kenta, lile lori dogo, inatoka kwenye mchanga ila inakwama kwenye matawi na nyaya. Nimeshashusha kochi mita mia tatu kutoka nyumbani, tukalibeba kichwani na bwana harusi akiwa na suti ya kazini.

Fundi Umeme

Dada hongera. Mimi naongelea nyaya tu.

Chumba na Sebule, na wengine mnaojenga: bei ya kuunganishiwa TANESCO tangu Januari 2022 ni 27,000 kwa maeneo yanayohesabika kijiji, na mjini ni 320,960 ukiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Ukihitaji nguzo moja inakuwa 515,618. Maombi unafanya kwa simu kwenye mfumo wa NIKONEKT, ila nyumba iwe imeshatandazwa nyaya na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati, si kijana wa mtaani anayejua kufunga holda. Kwa hiyo kabla hujanunua kiwanja hesabu umbali wa nguzo. Watu wanapima umbali wa barabara wanasahau nguzo.

Kwa wasio na dari kama mleta uzi: huu ndio wakati wa kupitisha mabomba yote ya nyaya. Feni, taa za nje, soketi ya pampu ya maji, kengele, hata ya televisheni chumbani. Mbao ya kuning'iniza feni ipigwe sasa kwenye kenchi. Dari ya jipsamu ikishapanda, kila waya mpya ni tundu na kiraka.

Na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, msiikwepe. Nyumba mpya nyingi naingia nakuta waya wa kijani umekunjwa kwenye boksi, haujafika ardhini. Una watoto, una friji la chuma, una sakafu yenye maji. Dai ethi uione kwa macho yako.

Mlipakodi Mtiifu

Naomba ieleweke jambo ambalo wenye nyumba wapya wanalipigia kelele wakinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, mara ya kwanza. Ile inayokatwa ni kodi ya jengo. Ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 kwa 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Ukikaa miezi bila kununua umeme, inajumlisha.

Halafu angalieni mko tarifu gani, yaani kundi gani la bei ya umeme. D1 ni ya matumizi madogo, mpaka yuniti 75 kwa mwezi, yuniti ni shilingi 100, na tozo na VAT juu yake inafika kama 122. Ukipita hapo unahesabiwa 350. T1, ya matumizi ya kawaida, ni 292, na tozo zake inafika kama 356. Mtu aliyekuwa anachangia mita na wapangaji sita Tabata hajawahi kuonja D1 maisha yake. Akihamia kwake na taa tano na friji dogo anadhani mita imeharibika.

Chumba na Sebule

Mlipakodi umenifungua macho. Kumbe huku ninapopanga nalipa kodi ya jengo la mtu.

Mlipakodi Mtiifu

Unalipa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kaa naye mkatane kwenye kodi ya pango, mdomo haulipiwi.

Mama wa Pilau

Mleta uzi vipi nyoka? Huko Zingiziwa nasikia wapo. Mwagia kitunguu saumu na mafuta ya taa kuzunguka nyumba.

Mzee wa Msingi

Kitunguu saumu ni cha pilau, jina lako lenyewe linasema. Nyoka anafuata panya na anafuata pa kujificha. Mbao za ujenzi zilizobaki, tofali zilizopangwa ukutani, nyasi ndefu, hapo ndipo mlipomkaribisha. Fyeka mita kadhaa kuzunguka nyumba paonekane mchanga, mabaki ya mbao yasogeze mbali na ukuta, chini ya mlango weka mpira usiache uwazi. Na usiku usitembee bila tochi.

Mbao hizo hizo zinaleta mchwa. Mwanangu, pita na tochi kila Jumamosi uangalie kwenye fremu za milango na pembe za kuta. Ukiona njia ya udongo inapanda ukutani usiikwangue tu ukaondoka, dawa iingie mpaka chini.

Mama Pacha

Mzee tumemwona mmoja tu, kwenye rundo la mbao zilizobaki kama ulivyosema. Rundo limehama siku hiyo hiyo, wala sikuhitaji kumbembeleza mtu.

Daftari

Mimi swali langu ni maji. Hilo tanki la lita 2,000 mnalijaza na nini?

Mama Pacha

Bomba la mtaa halijafika kwetu. Jirani ana kisima kirefu, anauza, lakini maji yake yana chumvi. Ya kufua na chooni sawa, ukipikia chai maziwa yanakatika. Ya kunywa na kupikia tunanunua madumu. Boza, lile gari la maji, likija mtaani tunajaza tanki, na boza haliji ukilihitaji, linakuja likipenda.

Daftari

Basi una bati na hulitumii. Chukua hesabu hii: paa linalofunika mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, zimeshuka lita 1,000. Toa zinazoruka na kuvuja, sema 800. Mvua ya milimita 25, ambayo kwa masika ya Dar si kitu cha ajabu, inajaza hilo tanki lako usiku mmoja. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba. Funga gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, upande mmoja tu wa nyumba kwanza, upande ulio karibu na tanki. Ila kama tanki liko juu ya mnara kuzidi paa, maji ya gata hayatapanda yenyewe, utahitaji tanki dogo chini na pampu.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na ya kunywa bado uchemshe.

Mzee wa Msingi

Hapo Daftari umesema. Niongeze: wanaochimba kisima kwenye kiwanja cha futi chache, angalieni shimo la choo liko wapi, lako na la jirani. Umbali unaoshauriwa ni mita 30. Kwenye viwanja vyetu vya ishirini kwa ishirini hizo mita 30 zinaishia sebuleni kwa jirani, kwa hiyo muulize yeye kabla hujaleta mashine.

Niko Kitengela

Salamu kutoka Kenya. Nimefurahia hii stori sana. Huku kwetu Kitengela wengi wanaanza na nyumba ya mabati kwa ploti, chumba kimoja ama viwili, wanahamia hapo, halafu ile ya mawe inajengwa polepole wakiwa hapo hapo wakiona kila mfuko wa simiti unaenda wapi. Ile ya mabati baadaye inakuwa stoo ama ya kijana wa shamba. Mbona nyinyi hamfanyi hivyo badala ya kulala bila siling?

Mama Pacha

Kaka, wapo wanaofanya. Wanaanza na kibanda cha uani, wanaishi humo, nyumba kubwa inasubiri mbele. Sisi tuliipiga hiyo hesabu, tukaona kibanda kingekula hela ya choo. Lakini kama mtu yuko kwenye msingi, wazo lako ni zuri kuliko langu. Fundi akijua mwenye mali analala hatua kumi kutoka kwenye saruji, mifuko inadumu.

Wakili wa Baraza

Samahani naharibu sherehe. Karatasi ya kiwanja ina jina la nani?

Mama Pacha

La mume. Ni mauziano ya serikali ya mtaa, hatimiliki bado. Watu wa urasimishaji wa viwanja walipita, alama wameweka, tunasubiri.

Wakili wa Baraza

Sisemi kwa ubaya, nawasemea na wengine wanaosoma kimya. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina ni la mmoja. Hiyo ni kinga. Lakini kinga unayoidai mahakamani ni ndefu kuliko jina lililoandikwa mapema. Wakati hati inaandaliwa ndiyo nafasi ya kuingia majina yote mawili, bado hamna gharama ya kubadilisha. Na risiti za saruji na mabati zitunze, za kwako na za kwake.

Kirikuu Mwekundu

Mume akisoma uzi huu leo pazia la chumbani litafungwa kwa kufuli.

Mama Pacha

Yuko hapa pembeni anasoma. Amesema ni sawa, ila jina lake litangulie. Nimemwambia kwa alfabeti langu linatangulia, tumeishia hapo.

Majirani sijawaandika na ndio walionishangaza. Tabata tulikaa miaka, wa mlango wa pili namjua kwa viatu vyake tu. Hapa siku ya kwanza tumeshusha vyombo, bibi wa nyumba ya kona kaja na mihogo na mtoto wa kumuonyesha mume wangu njia ya kwenda kwa mjumbe. Tukaenda kujitambulisha tukiwa hata hatujaoga. Msiba ukatokea wiki ile ile, mume akaenda kuchimba, mimi nikaenda kukuna nazi. Kufikia siku ya tanga kila mtu alishajua watoto wangu kwa majina. Kitasa tulibadilisha mafundi walipoondoka, lakini nasema ukweli, ulinzi mkubwa ni yule bibi. Haondoki kibarazani.

Chumba na Sebule

Haya dada, niambie na ubaya wenyewe. Kila mtu hapa anakusifia, mimi nataka kujua ni kitu gani kinakufanya utamani Tabata.

Mama Pacha

Nauli na muda, hapo sina cha kujitetea. Mume anafanya kazi Kariakoo. Anatoka alfajiri, bodaboda mpaka lami, daladala mpaka Gongo la Mboto, hapo anapanda nyingine. Jioni anarudi watoto wamelala. Tuliyookoa kwenye kodi, karibu theluthi imehamia kwenye nauli. Anayesema ukihamia kwako unaokoa kodi yote hajapanda daladala ya Chanika saa kumi na mbili jioni.

Na pacha mwakani wanaanza chekechea. Ya karibu ni ya kutembea, lakini mvua ikinyesha kuna korongo hapo katikati. Hilo bado hatujalitatua. Mimi biashara yangu ya vitenge naifanya kwa simu, Tabata wateja walikuwa wanagonga mlango. Hapa nawapelekea.

Kama wote wawili mnatoka kwenda kazini mjini na mtoto anabaki na dada, pimeni mara mbili. Kwetu inawezekana kwa sababu mimi nipo nyumbani.

Mzee wa Msingi

Sasa hapo umeongea kama mtu mzima, na mimi nalegeza kidogo. Ubishi wangu haukuwa kuhamia, ulikuwa kukaa bila tarehe. Andikeni ukutani, ukuta si bado hauna rangi: dari mwezi fulani, milango mwezi fulani. Ile 150,000 ya kila mwezi toa nauli iliyoongezeka, inayobaki muiite kodi vilevile, iwekeni kwa kijumbe wa mchezo wa hela au kwenye kikoba. Ikipita miezi sita bila kuguswa mna dari ya vyumba viwili.

Na blandaringi zake, zile mbao za kushikia dari, zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijapanda. Zikishafunikwa na jipsamu huzioni tena mpaka siku zinashuka.

Fundi Umeme

Na niitwe kabla ya fundi dari, si baada yake.

Mama Pacha

Nimekuandika, fundi. Mzee, tarehe tumeiandika kweli, kwa mkaa, ukuta wa jikoni. Tunaanza na chumba chetu na cha watoto, sebule itasubiri. Gata la upande mmoja linatangulia kabla ya vuli, Daftari kanishinda kwa hesabu.

@Chumba na Sebule, wewe bila bati usihamie. Paua kwanza, halafu njoo tuongee choo. Una mbao?

Chumba na Sebule

Mbao ninazo, nilinunua zikiwa mbichi zimekauka hapo hapo uani, kadhaa zimepinda. Bati ndiyo bado. Kuna aliyenishauri geji 30 ni nafuu.

Mzee wa Msingi

Nafuu ya kununua. Geji 30 ni jembamba kuliko 28, upepo wa Kinyerezi utaliimbisha. Kama hela inatosha nusu nyumba ya 28, nunua nusu, iliyobaki ingoje. Hizo mbao zilizopinda usimruhusu fundi kuzipigilia kwa nguvu kwenye kenchi, zipeleke kwenye vipande vifupi. Nitumie vipimo vya boma ndani ya PM nikuhesabie bati, bure, soda tu.

Chumba na Sebule

Shikamoo mzee. Natuma sasa hivi.